Majimaji ya Mwili: Maana Yake Zizini na Kwa Nini Usiyapite Haraka

Leo tuongelee neno moja ambalo liko kwenye karibu kila bango na kipeperushi cha magonjwa ya mifugo: majimaji ya mwili. "Epuka kugusa majimaji ya mwili ya mnyama mgonjwa." Sentensi hiyo umeisoma, na pengine umeshaisikia redioni mpaka umeizoea. Lakini nikiwauliza vijana hapa Mvumi majimaji ya mwili ni nini hasa, wengi wananijibu "damu" halafu wananyamaza. Wachache wanaongeza "jasho".

Jibu hilo ni fupi mno, na ufupi wake una gharama. Mtu anaweza kuogopa damu kabisa, akaiosha mikononi kwa sabuni, halafu jioni hiyohiyo akavuta kondo la nyuma la mbuzi kwa mikono mitupu kwa sababu kichwani mwake hilo "sio majimaji". Kwa hiyo leo nalifungua neno lenyewe: maana yake, mipaka yake na namna ya kulitumia unapofanya kazi na mifugo au unapompigia simu daktari.

Maana yake kwenye biolojia

Kwa ufupi, majimaji ya mwili ni vitu vyote vya majimaji, vyepesi au vizito, vinavyotengenezwa, kuzunguka au kutoka ndani ya mwili wa kiumbe. Ukivipanga vizuri unapata makundi manne.

Kundi la kwanza ni yale yanayobaki ndani na kuzunguka: damu, limfu, na maji yanayolainisha viungo na kuzunguka ubongo. Haya unakutana nayo unapochinja, mnyama anapojeruhiwa, na sindano inapoingia.

Kundi la pili ni yale yanayotengenezwa kwa kazi maalumu kisha yakatoka: mate, machozi, kamasi, ute wa njia ya uzazi, maziwa, dang'a na mbegu za dume.

Kundi la tatu ni ya uzazi: maji ya chupa, damu ya kuzaa, na uchafu unaoendelea kutoka siku kadhaa baada ya mnyama kuzaa. Kondo la nyuma na kijusi kilichotupwa sio maji, lakini vimeloa majimaji hayo, kwa hiyo kwa usalama tunavihesabu humohumo.

Kundi la nne ni ya ugonjwa na majeraha: usaha, maji ya malengelenge, matapishi, povu puani.

Je, mkojo na kinyesi? Hapa ndipo vitabu viwili vinaposema tofauti. Kwenye somo la sayansi shuleni ulifundishwa kwamba mkojo na jasho ni taka mwili, yaani vitu ambavyo mwili hauvitaki. Hiyo ni kweli. Lakini mtu wa afya akisema "majimaji ya mwili", mkojo anauhesabu, na kinyesi cha kuhara pia anakiweka kwenye tahadhari hiyohiyo. Mwalimu wa biolojia anaangalia kitu kimetoka wapi na kina kazi gani. Daktari anaangalia kinaweza kubeba nini kikakuingia. Wewe mfugaji shika maana ya daktari.

Mambo matatu yanayotupotosha

La kwanza ni jina lenyewe. "Majimaji" inatufanya tufikirie kitu chepesi kinachotiririka. Usaha mzito, ute unaovutika kama gundi na kondo lililoganda kwenye majani havionekani kama maji. Lakini ndivyo vyenye vimelea vingi kuliko vitu vingine vingi utakavyogusa mwaka mzima.

La pili ni mahali tulipolisikia neno. Wengi tulilisikia kwanza kwenye elimu ya UKIMWI. Likarudi kwa nguvu wakati wa hofu ya Ebola, halafu Machi 2023 Serikali ilipotangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera. Kote huko lilihusu binadamu mgonjwa. Kwa hiyo kijana anaona ni neno la hospitali, halimhusu yeye na mbuzi wake. Wakati ukweli ni kwamba mtu anayelaza mifugo nyumbani anagusa majimaji ya mwili kila siku asubuhi anapokamua.

La tatu ni kudhani majimaji yote yana hatari moja. Hapana. Kila ugonjwa una njia zake. Ukiogopa yote sawasawa utachoka ndani ya wiki moja na kuacha kabisa. Ukijua lipi linabeba nini, unaweka nguvu pale panapohitajika.

Somo la mwaka 2007

Vijana wengi mnaosoma hapa mlikuwa wadogo, lakini waulizeni wazazi. Mwishoni mwa 2006 mvua zilinyesha kupita kiasi Afrika Mashariki, na Homa ya Bonde la Ufa ikalipuka Kenya, Somalia na kwetu Tanzania. Hapa nchini walihesabiwa wagonjwa 511 walioshukiwa kutoka mikoa 10, na watu 144 walipoteza maisha. Jirani zetu wa Dodoma walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi, na mkoa wetu wa Morogoro nao uliguswa.

Ugonjwa huu unajulikana tangu miaka ya 1930 na 1931, ulipochunguzwa kwenye kondoo karibu na Ziwa Naivasha huko Kenya. Virusi vyake vinaenezwa na mbu. Kuna mbu ambao mayai yao yanaweza kukaa na virusi kwenye udongo mkavu wa mabonde kwa miaka, yakisubiri mafuriko. Maji yakijaa, mayai yanaanguliwa, mbu wanauma mifugo, na mifugo wanaanza kutupa mimba kwa wingi. Kwa kondoo wenye mimba, karibu wote wanaweza kutupa. Sisi tunaokaa kwenye tambarare zinazofurika tunalielewa hilo bila kuchorewa ramani.

Sasa angalia kilichotokea kwa watu. Mbu aliwauma baadhi, ndiyo. Lakini wengi waliambukizwa na mifugo wenyewe: kuchinja mnyama aliyekuwa anakufa ili "nyama isipotee", kumchuna, kumsaidia kuzaa, kubeba vijusi vilivyotupwa. Uchunguzi uliofanyika Kenya wakati wa mlipuko huohuo ulionyesha kwamba kugusa kijusi kilichotupwa ni moja ya mambo yaliyowaweka watu kwenye hatari kubwa. Maambukizi ya ugonjwa huu kutoka mtu kwenda mtu hayajathibitishwa. Kwa hiyo swali la nani aumwe na nani apone lilikuwa zizini na machinjioni, kwenye majimaji ambayo wengi hawakuyaita kwa jina hilo.

Wengi wanaoambukizwa hupata homa na maumivu ya mwili, wakapona. Wachache hupata dalili kali: macho kuharibika, ubongo kuathirika, au kutokwa damu. Hao ndio tuliowazika.

Lipi linabeba nini

*Damu.* Homa ya Bonde la Ufa, kama tulivyoona. Na kimeta. Mnyama aliyekufa ghafla, amevimba haraka, na anatoka damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au nyuma, usimchune na usimpasue. Ukimfungua, vimelea vya kimeta vinakutana na hewa na kujitengenezea ganda gumu linalokaa ardhini miaka mingi. Utakuwa umeharibu malisho yako mwenyewe na ya watoto wako.

Hapa pia kuna jambo la sindano. Vijana wengi wa mradi wa kunenepesha ng'ombe wanatumia sindano moja kwa kundi zima. Damu kidogo inayobaki kwenye ncha inatosha kuhamisha ndigana baridi kutoka ng'ombe mmoja kwenda mwingine. Wakati wa Homa ya Bonde la Ufa, kuchanja kundi kwa sindano moja kunaweza kuusambaza ugonjwa uliokuwa unauzuia. Badilisha sindano kwa kila mnyama. Hela ya sindano ukilinganisha na bei ya ng'ombe mmoja haina mjadala.

*Majimaji ya uzazi.* Hapa ndipo naomba usimame. Ugonjwa wa kutupa mimba, unaoletwa na bakteria wa brusela, unajaa kwenye kondo, maji ya chupa na kijusi. Unaingia kwa mtu kupitia mkwaruzo mdogo mkononi, macho, pua au mdomo. Mtu akiugua anapata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, kuchoka, na maumivu ya mgongo na viungo. Dalili hizo zinafanana sana na malaria, na huku kwetu mtu akisikia homa anakimbilia dawa ya malaria. Anameza, anapata nafuu kidogo, inarudi, anameza tena. Ukiwa na homa isiyoisha na unafuga, mwambie daktari waziwazi: "Mimi ni mfugaji, nimezalisha mbuzi mwezi uliopita." Sentensi hiyo inaweza kubadilisha kipimo utakachopewa.

*Maziwa.* Brusela huyohuyo anapita kwenye maziwa mabichi, na kifua kikuu cha ng'ombe nacho kinaweza kupita humo. Chemsha mpaka yachemke kweli, sio kupasha. Viwandani wanapasha maziwa nyuzi 63 za Selsiasi kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15. Nyumbani huna kipimajoto, kwa hiyo chemsha. Na mtindi uliogandishwa kwa maziwa mabichi usidhani umeuliwa vijidudu na ule uchachu. Chemsha kwanza, ndipo ugandishe.

*Mate.* Kichaa cha mbwa. Ng'ombe anayetoa mate mengi na kushindwa kumeza, usimtie mkono mdomoni ukitafuta mfupa kabla hujafikiria kama aliumwa na mbwa. Mate mengi pamoja na vidonda mdomoni na kuchechemea ni dalili ya ugonjwa wa miguu na midomo. Huo hauna kawaida ya kumsumbua mtu, lakini utapita kwenye mazizi yote ya kijiji kwa mate hayohayo yakiachwa kwenye birika la pamoja.

*Kamasi na machozi.* Kwa mbuzi na kondoo, kamasi nzito puani, macho yaliyogandamana, vidonda mdomoni na kuhara vinakuambia sotoka ya mbuzi na kondoo. Tenga mara moja.

*Mbegu za dume.* Dume la kuazima linazunguka mazizi kumi likiwa na magonjwa ya uzazi ya mazizi tisa. Ukitaka kuboresha kosafu, uhimilishaji ni salama zaidi, kwa kuwa madume ya kituo cha taifa cha uhimilishaji pale Usa River, Arusha, yanapimwa kabla mbegu hazijachukuliwa.

*Mkojo.* Kijana wa mpunga, hii ni yako hata kama hufugi hata kuku. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza ugonjwa uliozuka Ruangwa mkoani Lindi: wagonjwa 20, vifo 3, wengine wakitokwa damu puani. Ulipopimwa ukakutwa ni Homa ya Mgunda. Mgunda ni shamba kwa lugha kadhaa za nchi yetu, na jina limekaa mahali pake, kwa sababu bakteria wa ugonjwa huu wanatoka kwenye mkojo wa wanyama, hasa panya, lakini hata ng'ombe, nguruwe na mbwa. Mkojo ukiingia kwenye maji au tope, bakteria wanaweza kukaa hai humo kwa wiki kadhaa, wakimsubiri mtu mwenye mchubuko mguuni.

Sasa fikiria majaluba yetu: maji yaliyotuama, panya kwenye matuta, na watu wanapandikiza miguu peku tangu asubuhi. Unaona kwa nini nimekataa kuuacha mkojo nje ya neno hili? Vaa gambuti, funika kidonda kabla ya kuingia, safisha matuta panya wasipate maficho, na usinywe maji ya mfereji. Ukipata homa ya ghafla na misuli ya miguu kuuma sana baada ya kazi ya jaruba, nenda kituo cha afya mapema. Dawa ipo na inafanya kazi vizuri ikiwahi.

Na wale mnaouza au kupulizia mkojo wa sungura kama mbolea, nawapongeza kwa ubunifu, ila vaeni glovu, na msipulizie kwenye mboga ya kuliwa mbichi siku za kukaribia kuvuna.

Sio yote adui

Nisikufanye uogope kila tone. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ni chanjo ambayo asili inampa ndama. Ndama anazaliwa karibu bila kingamwili, na utumbo wake unaweza kuzipokea vizuri saa chache za mwanzo tu. Kadiri saa 24 zinavyokaribia, mlango huo unafungwa. Hakikisha ananyonya ndani ya saa 6 za kwanza. Ukiona "maziwa ya njano" usiyamwage kwa kudhani ni uchafu.

Na ute mweupe kama maji unaoning'inia nyuma ya ng'ombe bila harufu ni habari njema: yuko kwenye joto. Ukiukosa, unasubiri siku 21 nyingine, na siku hizo zinakula majani bila kukuletea maziwa.

Namna ya kulisema ukinipigia simu

Mazungumzo ya simu mara nyingi huwa hivi:

"Shikamoo bwana mifugo. Ng'ombe wangu anatoa majimaji."

"Marahaba kijana. Anatoa wapi?"

"Nyuma."

"Ya rangi gani?"

"Ni majimaji tu."

Hapo sijui kama nije na vifaa vya kupandisha, nije kuondoa kondo lililokwama, au nikwambie usimguse mpaka nifike. Majimaji ni jina la familia nzima. Nitajie mtoto yupi. Kabla ya kupiga, angalia mambo matano:

1. Yanatoka wapi: puani, mdomoni, machoni, kwenye chuchu, njia ya uzazi, njia ya haja kubwa, au kidonda.
2. Rangi: angavu, meupe, njano, kijani, kahawia, mekundu. Mkojo wa rangi ya kahawa nyekundu unanipeleka kwenye ugonjwa wa kupe wa kukojoa damu.
3. Uzito: mepesi, yanavutika, mazito, mabonge, povu. Povu puani kwa ndama anayehema kwa shida linanifanya nifikirie ndigana kali.
4. Harufu: hakuna, ya kawaida, au ya kuoza. Usiiname kunusa, harufu mbaya utaipata ukiwa umesimama.
5. Yameanza lini, na wanyama wangapi wanayo.

Ukinipa hayo matano, umenisaidia nusu ya kazi, na umejipunguzia safari za bure ambazo unazilipia wewe.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya mvua

Tafuta ndoo moja yenye mfuniko, ikae bandani. Ndani yake weka glovu ndefu za mpira, barakoa, sabuni, sindano za ziada, na miwani ya kuzuia maji kurukia macho. Chokaa weka pembeni. Mnyama akitupa mimba, usiite watoto kutazama na usimtupie mbwa kijusi. Mbwa atakisambaza kijiji kizima. Vaa, chimba shimo refu mbali na kisima, zika kijusi na kondo pamoja na majani yaliyoloa, mwaga chokaa, kisha nawa kwa sabuni. Mama mtenge na wenzake. Wanawake wajawazito wasishike kazi hiyo.

Wakitupa wawili watatu ndani ya siku chache, usizike kimyakimya. Toa taarifa kwa afisa mifugo siku hiyohiyo, tuchukue sampuli ziende maabara ya veterinari. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inakutaka utoe taarifa, lakini hata bila sheria, hesabu ni rahisi. Najua hofu yenu: mnada ukifungwa, wateja wa maziwa wanakimbia. Ni kweli biashara inasimama kwa muda. Mwaka 2007 minada ilisimama pia, na nyama ilikosa wanunuzi, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshafika kwa watu. Taarifa ya mapema inafunga zizi moja. Taarifa ya kuchelewa inafunga wilaya.

Mvua za masika zikikaribia, pitia ndoo yako uone kama glovu hazijatoboka. Na kama una mbuzi au kondoo wenye mimba, njoo ofisini tuongee juu ya chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa mapema, kabla maji hayajajaa mabondeni. Baadhi ya chanjo hizo hazifai kwa mnyama mwenye mimba, kwa hiyo tunahitaji muda wa kupanga nani achanjwe na lini.